Malalamiko Dhidi ya Shemeji Aliyelitia Gati la Boti Kwenye Hesabu

Kwa Mwenyekiti wa Bodi.

Kupitia kwa: hakuna. Utaratibu unataka niipitishe barua hii kwa Mkurugenzi, lakini Mkurugenzi ametajwa ndani, tena si kwa uzuri.

YAH: SHEMEJI YANGU NA VYUMA VISIVYOBEBA

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka chumba cha mahesabu, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni mbili ambazo moja inafanya kazi na nyingine inahudhuria. Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa maana ya mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Nijitambulishe, kwa kuwa kwenye ile picha ya wafanyakazi iliyotundikwa ukumbini kwenu mimi ndiye niliyezibwa na chungu cha maua. Ni Mhandisi Mwandamizi. Wenzangu wananiita Mzee wa Kijani, na si kwa sababu ya shati. Programu yetu ya kompyuta hupaka rangi kila chuma cha jukwaa: kijani kama kina nguvu ya kutosha, njano kikianza kulemewa, nyekundu kikizidiwa. Tangu niajiriwe, kazi yangu haijawahi kutoka na nyekundu. Wapo wanaosema ni bahati. Mimi nasema ni malezi.

Najua wewe ni mtu wa biashara na si wa vyuma, kwa hiyo vumilia nieleze kidogo. Jukwaa letu la kaskazini ni nyumba ya chuma iliyosimama baharini kwa miguu minne. Juu kuna mitambo ya gesi, jiko, na vyumba wanamolala watu. Chini, pale mawimbi yanapopiga, kuna vitu vilivyopachikwa: gati dogo la kufungia boti, ngazi, mabomba yanayopanda kutoka sakafu ya bahari. Vitu hivi havikuwekwa ili vibebe nyumba. Nyumba inabebwa na miguu na vyuma vinavyoishikanisha. Ila wimbi halina adabu. Likija linapiga chochote lilichokikuta, kiwe kinabeba, kiwe hakibebi, na kile kilichopigwa kinausukuma mguu kilipopachikwa.

Basi ugali wa sisi tulio chumba cha mahesabu unatokana na swali moja: vitu hivi vya kupachikwa vitiwe vipi kwenye kompyuta? Kwa miaka yangu yote nimekuwa na kanuni moja nyepesi, na nadhani ya haki. Kikinisaidia, nakitia kama mbebaji. Kisiponisaidia, sikioni.

Ndipo alipokuja shemeji.

Ni dada mkubwa wa mke wangu, mhandisi kama mimi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za meli. Kuja kwake hapa nilimpigia debe mwenyewe, kwani mke wangu alikuwa amenikalia kooni. Ni mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye akicheka kwetu ghorofa ya tatu, walioko ghorofa ya pili wanatabasamu bila kujua kwa nini. Mwezi haujaisha, vijana wa ofisini walikuwa wameshambatiza Mama Mawimbi. Sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni huu ufuatao.

1. KUULIZA SWALI MBELE ZA WATU

Unakumbuka, Ndugu Mwenyekiti, kwamba jukwaa la kaskazini lilikuwa linafungiwa gati jipya, kubwa zaidi, ili liweze kupokea ile boti mpya. Kazi ya kuhakiki hesabu ilikuwa yangu. Niliimaliza mapema. Siku ya kuiwasilisha, chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa, biskuti zimepangwa, na bango la sherehe ya uzinduzi limeshatundikwa ukutani: picha ya jukwaa, na mbele yake Mkurugenzi akitabasamu, mkubwa kulipita jukwaa.

Nikaonyesha picha zangu. Kijani mguu huu, kijani mguu ule, kijani juu hadi chini, utadhani shamba la majani. Mkurugenzi akapiga makofi. Makofi hayajaisha, shemeji akanyoosha mkono.

"Shemeji, gati liko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye picha.

"Kwenye picha naliona. Kwenye kompyuta umelitia kama nini?"

Nikamjibu kwa upole kwamba limeungwa na miguu miwili ya upande wa kaskazini.

Akasogea hadi kwenye skrini, akainama, akavaa miwani. "Umeliunga kama boriti. Yaani mguu huu ukilemewa, gati linaupokea mzigo?"

"Wanasaidiana," nikasema.

"Vizuri. Na wimbi linalolipiga gati umelitia wapi?"

Hapo nilimweleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba wimbi sikulitia juu ya gati, kwa sababu gati si sehemu ya muundo wa jukwaa.

Ndugu Mwenyekiti, alicheka. Alicheka mpaka akaivua miwani. "Kumbe! Kwenye kubeba, gati ni ndugu wa damu. Kwenye kupigwa, ni mpita njia!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkurugenzi naye akacheka, kisha akanigeukia kuangalia kama alitakiwa kucheka. Nakuuliza wewe uliyeongoza vikao vingi: swali kama hilo si la kuulizwa faraghani, ikiwezekana baada ya uzinduzi?

2. KULIFANYA GATI KUWA MGENI

Kesho yake alichukua faili langu bila kuomba ruhusa. Kuna mtu atakwambia aliomba. Aliomba, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshalichukua.

Alichokifanya nitakieleza kama nilivyokiona nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Aliliacha gati mahali pake. Akaliwekea uzito wake wote. Akaliwekea mawimbi kutoka kila upande, makubwa ya msimu wa dhoruba, na boti inayolisukuma. Ngazi nayo vivyo hivyo. Mabomba vivyo hivyo. Kisha, Ndugu Mwenyekiti, akalinyang'anya gati ukakamavu wote. Kwa lugha nyepesi, gati likawa linapokea kila kipigo na kukikabidhi kizima kizima kwenye mguu, lakini lenyewe haliusaidii mguu hata kwa kidole.

Nikamwambia huo ni uonevu. Chuma ni chuma. Kimo pale, kizito, kimepakwa rangi, kwa nini kisifanye kazi?

Akanijibu bila kugeuka, "Shemeji, gati ni mgeni. Limefungwa kwa boliti, lina mpira, limewekwa hapo ligongwe na boti. Siku moja litapinda, au litang'oka, na watu watakuwa bado wamelala juu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mgeni hajavua viatu, umeshampa jembe na shamba zima."

Kisha akabonyeza kitufe. Kompyuta ikafikiri. Mguu wa kaskazini mashariki ukatoka mwekundu. Si wekundu wa aibu aibu. Ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, kuanzia kwenye maji hadi karibu na sakafu.

Mimi mtu mzima, mwenye cheti cha utumishi uliotukuka, nikasimama mbele ya nyekundu ya kwanza maishani mwangu, na iliyoileta ni kazi ya mikono ya mtu niliyempigia debe.

3. Lalamiko la tatu lilihusu kikombe changu cha chai. Nimeliondoa. Kikombe kimepatikana.

4. KUKATAA MARIDHIANO

Asiseme mtu kwamba sikutafuta suluhu. Nilimfuata kwenye meza yake na kumwomba kiungwana kwamba, kwa ajili ya amani ya ofisi na ya ukoo, tukutane katikati. Sikutaka gati libebe kila kitu. Nilimwomba aliachie gati ukakamavu kidogo tu, asilimia kumi, ili mguu ushuke kutoka nyekundu hadi njano iliyofifia, nami ningemalizia mwenyewe.

"Ukakamavu si chumvi, shemeji," akasema. "Huongezi mpaka mchuzi ukolee."

Nikamkumbusha kwamba bango limeshachapishwa. Akasema kama nataka bango nalo litiwe kwenye kompyuta, yeye yuko tayari, ila nalo lina wimbi lake.

Nikaona nimpeleke kwa Mkurugenzi, mtu niliyemdhania kuwa ni wa kwetu. Tukamkuta kwenye korido anaelekea kwenye lifti. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zangu. Shemeji hakuwa na hoja hata moja. Alikuwa na karatasi mbili, ya kijani na ya nyekundu, na kalamu.

"Mheshimiwa, hesabu ni hizi mbili. Shemeji anasema ya kijani ndiyo ya kweli. Mimi sina neno. Naomba tu uandike jina lako chini yake, kwamba umeiona na umeikubali."

Mkurugenzi aliipokea kalamu. Akaiangalia karatasi ya kijani. Akaniangalia mimi. Lifti ikaja, ikafunguka, ikajifunga, ikaenda zake. Nilimtia moyo kwa kutikisa kichwa. Akaichomeka kalamu mfukoni mwa koti lake, akasema, "Bango lishushwe." Na kalamu yenyewe ilikuwa ya shemeji, mpaka leo hajairudisha. Siku hiyo hiyo mafundi wa kuchomelea waliitwa kwenda kuuvisha mguu ule bomba la pili la chuma, kama mtu anavyovishwa bandeji ngumu, na uzinduzi ukaahirishwa.

5. KULILETA JAMBO LA KAZINI KWENYE BARAZA YA MAMA MKWE

Hapa ndipo ninapoomba uisome barua ukiwa umekaa.

Mama mkwe ana nyumba yenye baraza, na baraza ina nguzo za mbao. Mwaka juzi, kwa mapenzi yangu tu, nilimfungia turubai kubwa kutoka kwenye nguzo ya kona hadi kwenye ukuta wa uani, ili familia ipate kivuli tukikutana kula Jumapili. Nilishukuriwa. Nilipigwa hata picha.

Jumapili baada ya bango kushushwa, tulikuwa mezani chini ya turubai hilo: mama mkwe, mke wangu, shemeji na mimi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, kando ya nguzo ya kona. Upepo ukaanza. Turubai likawa linavimba na kunywea, linavimba na kunywea, kama shavu la mpiga tarumbeta. Mimi naendelea kula. Nikamwona shemeji ameinua macho.

"Shemeji," akasema, "wakati unalifunga, hiyo nguzo uliihesabia upepo wa turubai?"

"Turubai si nyumba," nikamjibu. Na ni kweli. Muulize mwashi yeyote.

"Haya."

Aliweka kijiko chini, akainuka, akamwendea mama yake. "Mama, hebu njoo huku upande wangu, kuna hewa nzuri." Akambeba yeye pamoja na kiti chake, akamvusha hadi mwisho wa meza, akarudi kufuata sahani. Mke wangu aliuliza kuna nini. Shemeji akamwambia, "Kula tu, mdogo wangu. Ila sogea na wewe."

Upepo mmoja mkubwa ukaja. Turubai likajaa, likaivuta nguzo, nguzo ikang'oka chini kama jino, na kona ya paa ikashuka na bati zake mpaka juu ya meza, pale pale ilipokuwa sahani ya mama mkwe. Bakuli la mboga likaenda na maji. Mimi nilikuwa nimepiga mbizi chini ya meza, jambo ambalo silionei haya, ni utaratibu wa usalama.

Vumbi lilipotulia, mama mkwe alikuwa bado ameshika kijiko hewani. Akalitazama paa, akalitazama turubai lililolala juu yake kama shuka, akanitazama mimi ninavyotokea chini ya meza. "Mkwe wangu," akasema, "kivuli chako kizito."

Mke wangu hakulitazama paa. Alinitazama mimi tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa asioujua. Tangu siku hiyo haniiti tena jina aliloniita tangu uchumba. Ananiita Mheshimiwa. "Mheshimiwa, chakula tayari." "Mheshimiwa, funga mlango." Ndugu Mwenyekiti, wewe umezoea kuitwa hivyo, lakini mimi naitwa hivyo chumbani.

Malalamiko yangu hapa si juu ya upepo. Ni juu ya shemeji. Kazini ananiandikia barua pepe hata nikisahau nukta. Nyumbani, kwa jambo zito la paa, aliona inatosha kuhamisha kiti! Kama alijua nguzo haitastahimili, mbona hakunipa taarifa kwa maandishi, nami nikaipitia, nikaijibu baada ya chakula?

6. DHORUBA ILIYOPITA BURE

Mafundi walimaliza kuuvisha mguu. Wiki iliyofuata ikaja dhoruba ambayo hata wewe uliisikia, maana iling'oa vibao vya matangazo mjini na kuangusha ukuta wa shule iliyo mkabala na ofisi yetu. Siku nzima na usiku wake boti hazikutoka. Asubuhi tukakusanyika kwenye chumba cha mawasiliano, tukisubiri redio. Mkurugenzi alikuwepo, amevaa soksi za rangi mbili. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha hata mmoja.

Redio ikakoroma, kisha ikaja sauti ya msimamizi wa jukwaa. "Wote wazima," akasema. "Nyumba imesimama. Gati limekunjwa kama karatasi, na ngazi hatuioni, imekwenda na maji. Ila mguu haukutikisika."

Watu wakashangilia. Mkurugenzi akanikumbatia kwa makosa, akaniacha, akaenda kumkumbatia aliyemkusudia.

Sasa naomba bodi itulie na itafakari kwa akili. Mguu uliovishwa kwa gharama zote zile haukuvunjika. Nyumba haikuanguka. Hakuna aliyeumia. Yaani hakuna kilichotokea! Kama hakuna kilichotokea, bomba lile la pili la chuma limefanya kazi gani? Mtu akinywa dawa na asiugue, si amepoteza dawa?

Na kuhusu gati, nasema hivi kwa uchungu. Lile gati lililokunjwa ndilo lilikuwa mbebaji wangu. Kwenye hesabu zangu lilikuwa limesimama bega kwa bega na mguu wa kaskazini mashariki, limepokea karibu robo ya mzigo wake. Niliposikia limekunjwa kama karatasi nilitafuta kiti. Ningejuaje kwamba chuma chenye boliti kubwa namna ile kitatukimbia siku ya shida? Hilo ni suala la nidhamu ya gati, si la mahesabu yangu.

7. KUSHUKURIWA

Kabla ya kuzima redio, msimamizi wa jukwaa aliongeza maneno. Nayaandika kama yalivyo. "Mwambieni Mama Mawimbi, upepo ulipozidi vijana walitaka kukesha wamevaa maboya. Nikawaambia mguu umeshafungwa, mkalale. Tulilala."

Shemeji aliitikia kwa kichwa, akatoka nje kwenye korido. Nilimfuata ili nimweleze kwamba pongezi zinapaswa kupitia kwa mkuu wa chumba, ambaye ni mimi. Nikamkuta amesimama dirishani, anapangusa macho kwa upindo wa mtandio. Kwa hiyo sikusema. Lakini neno langu nililiweka, na ndilo hili nakuletea: nimefanya kazi hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hajatokea mtu yeyote kutoka baharini kuniambia kwamba amelala.

Kwa hayo yote, naomba bodi iamue yafuatayo:

(a) Shemeji ahamishiwe stoo ya karatasi na kalamu, ambako kila kitu kinajulikana wazi kwamba hakibebi kitu, na hatakuwa na la kuuliza.

(b) Ile sehemu ya programu inayokubali chuma kipokee kipigo bila kusaidia kubeba ifungwe kwa nywila. Nywila nitaitunza mimi.

(c) Rangi nyekundu iondolewe kabisa kwenye kompyuta za kampuni. Mahali pake pawekwe kijani kilichokomaa.

(d) Uzinduzi ufanyike kama ulivyopangwa, bango litundikwe, na pale palipo gati kwenye picha papakwe rangi ya maji, kwa kuwa sasa hivi halipo.

(e) Mkurugenzi aagizwe kunyamaza anapokuwa hana uhakika kama ni wakati wa kucheka.

(f) Mke wangu aandikiwe barua yenye muhuri wa bodi, ikimtaka arejee kwenye jina alilokuwa akiniita awali. Jina lenyewe nitawapa kwa siri.

Nisalimie wajumbe wote wa bodi, na kwa namna ya pekee yule anayesinzia kwenye vikao, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hajawahi kunipinga. Wasalimie watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na dereva wako, na yule dada wa mapokezi anayejua majina ya wote isipokuwa langu. Mama mkwe anakusalimia ingawa hamfahamiani. Anapenda kusalimia wenyeviti. Nami nakutakia afya na busara, na paa juu ya kichwa chako.

Nabaki kuwa mtumishi wako mwaminifu, mwenye kubeba mengi,

Mhandisi Mwandamizi,
Chumba cha Mahesabu.

Baada ya kusaini:

Nilikuwa sijaifunga bahasha binti yangu alipopiga simu. Ni mtoto wangu wa kwanza, muuguzi, amemaliza mafunzo juzi tu. Alikuwa anapiga kelele za furaha mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kapata kazi, na kazi yenyewe ni kwetu: zahanati ya jukwaa la kusini. Alitaka kunishtukiza, ndiyo maana hakunitajia alipokwenda kwenye usaili. Anapanda boti Jumatatu. "Baba, nitalala baharini!" akasema.

Jukwaa la kusini nililihesabu mimi, peke yangu, kabla shemeji hajaja. Lote ni kijani. Gati lake ni kubwa kuliko lile lililokunjwa, lina ngazi mbili na mabomba kama vidole vya mkono, na vyote hivyo niliviweka kuwa wabebaji. Wimbi juu yao sikuliweka.

Nimemwambia binti kwamba boti ya Jumatatu ni mbovu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Ni maneno tu yaliyonitoka.

Kisha nikazikumbatia faili za kusini, nikaenda kwenye meza ya shemeji. Nilitegemea acheke, na nilikuwa tayari kuchekwa. Hakucheka. Nilimweleza yote, la binti na la boti. Akavuta kiti cha pili, akanionyesha nikae, akafungua programu, akaanza na gati. Mikono yake ilikuwa haijafika kwenye ngazi aliponiuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Shemeji, kwani mpaka leo huko kusini wamekuwa wakilala akina nani?"

Ndugu Mwenyekiti, nimeirudia barua hii nikiwa kwenye kiti hicho hicho.

Naomba malalamiko yote hapo juu yachanwe, na maombi yote kuanzia (a) hadi (f), hata lile la mke wangu. Shemeji asiguswe. Akitaka feni nzima, apewe. Programu ibaki kama ilivyo, na nyekundu yake yote. Tumeshaipata moja mguu wa magharibi, na bado tunaendelea.

Na ile boti ya Jumatatu, nakuomba kwa heshima zote isiwe mbovu. Isisubiri hata Jumatatu. Iende kusini tupu, irudi imejaa watu.